Kuwa Mwaminifu kwa Mapishi Sufuria Inapobadilika

Kuna swali dogo katika upishi wa bia ya nyumbani ambalo, ukilifuata kwa subira, linakufikisha kwenye falsafa. Mtu ana sufuria ndogo isiyoweza kuchemsha lita 20. Kwa hiyo huchemsha lita 10 tu za maji pamoja na shira yote ya kimea na hopi zote, halafu hujazia maji baridi kwenye chombo cha kuchachushia mpaka zitimie lita 20. Baadaye anapata sufuria kubwa na kuamua kuchemsha lita zote kwa pamoja. Maelekezo anayoyafuata, ambayo yamempa bia anayoipenda, yanasema aweke gramu 90 za hopi na kuzichemsha kwa saa moja. Akiziweka zote 90 kwenye sufuria mpya, bia itakuwa chungu kuliko ile aliyoizoea. Akizipunguza, ameyaacha maelekezo. Basi kuyafuata maelekezo ni kushika kitu gani hasa: kiasi kilichoandikwa, namba ya uchungu iliyokusudiwa na kiasi hicho, au ladha ambayo namba yenyewe iliwekwa kwa ajili yake? Ninashikilia kwamba anayebadilisha kiasi ndiye anayeyaheshimu maelekezo, na kwamba hakuna fomula itakayombebea uamuzi huo, kwa sababu fomula nayo ni maelekezo yaliyoandikwa mahali fulani, kwa sufuria fulani, na mtu aliyekuwa na jambo fulani machoni pake.

Tuanze na kinachotokea ndani ya sufuria, maana hoja isiyopita humo itaelea hewani. Hopi ni maua ya mmea unaopanda kwa kujisokota, unaostawi katika nchi zenye mchana mrefu wakati wa kiangazi, kama Ujerumani, Ucheki, Uingereza na majimbo ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Ndani ya ua mna chembe za manjano zenye utomvu, na katika utomvu huo mna asidi za alfa. Asidi hizo haziyeyuki vizuri katika maji wala si chungu sana. Zikichemshwa, molekuli zake hujipanga upya bila kuongeza wala kupoteza atomu hata moja, na kuwa asidi za iso-alfa. Hizi ndizo zinazoyeyuka, ndizo zinazodumaza baadhi ya bakteria waharibifu, na ndizo zinazobeba uchungu unaozuia utamu wa kimea usikinaishe. Mgeuko huo unataka joto na unataka muda. Hata saa nzima ya kuchemsha haibadilishi asidi zote. Na katika zilizobadilika, nyingine hunaswa na mabonge ya protini yanayoganda sufuriani, nyingine hubaki kwenye povu, nyingine hushikamana na hamira na kuzama nayo chini. Kwa mpika bia wa nyumbani, kinachofika kwenye glasi ni kama robo ya alichokiweka, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo gramu za hopi hazikuwa kamwe kipimo cha uchungu. Zilikuwa kipimo cha kile ambacho mpishi alilazimika kutoa ili, baada ya hasara zote za sufuria yake, uchungu fulani ubaki.

Sehemu hiyo inayobaki ndiyo wapika bia wanayojaribu kuikadiria kwa hesabu. Fomula inayotumika sana ni ya Glenn Tinseth, Mmarekani wa Oregon, iliyoenea tangu miaka ya 1990. Inaangalia mambo mawili: dakika za kuchemsha, na densiti ya maji ya kimea yanayochemka. Tuseme bia ya lita 20 ina densiti ya 1.050. Ikichemshwa yote kwa saa moja, fomula inasema takriban asilimia 23 ya asidi za alfa zitafika kwenye bia zikiwa uchungu. Lakini kimea kilekile kikichemshwa katika lita 10, densiti inapanda hadi 1.100, na asilimia inashuka kuwa kama 15. Chukua hopi zenye asilimia 6 ya asidi za alfa na lengo la uchungu wa 40 kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho IBU, ambacho kwa makadirio ni miligramu moja ya asidi za iso-alfa katika lita moja ya bia. Sufuria ndogo inadai gramu 90. Sufuria kubwa inadai 58. Tofauti ni zaidi ya theluthi, na mtu akiitazama tofauti hiyo kwenye karatasi anaweza kudhani mjadala umekwisha: namba ya uchungu ni 40 kabla na 40 baadaye, gramu zimetafsiriwa tu kutoka sufuria moja kwenda nyingine, na uaminifu umetimia.

Mjadala haujaisha, kwa sababu fomula inataja densiti bila kuthibitisha kwamba densiti ndiyo inayotenda. Mark Malowicki na Thomas Shellhammer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walichunguza mgeuko wa asidi za alfa katika maji yaliyodhibitiwa, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2005 na 2006 walionyesha kwamba kasi yake inategemea sana joto, ilhali kuongeza sukari hakukuibadilisha kwa kiasi cha maana. Ikiwa hivyo ndivyo, maji mazito hayazuii uchungu kuzaliwa. Yanachofanya ni kuupoteza baadaye, au kuunyima nafasi. John Palmer, ambaye kitabu chake How to Brew kimewalea wapika bia wengi, alifikia kuikosoa hadharani dhana ya densiti na kuelekeza lawama kwenye mabonge ya protini, ambayo huwa mengi zaidi pale kimea kingi kinaposongamana katika maji machache. Tena kuna ukomo wa kuyeyuka. Ili lita 20 ziwe na uchungu wa 40, lita 10 za sufuria ndogo lazima zibebe 80 kabla ya kuongezwa maji. Na kadiri mtu anavyokaribia 100, kila gramu ya ziada inaleta faida ndogo, kama kijiko cha nne cha sukari katika kikombe kidogo cha chai kinachoanza kupoa, ambacho nusu yake hukutwa chini mnywaji akimaliza. Hapa tunaona jambo ambalo wanaotegemea fomula hulisahau upesi: fomula inaweza kutoa namba nzuri huku sababu yake si sahihi. Maadamu unabaki katika hali iliyoizaa, kosa hilo halikudhuru. Ukitoka nje ya hali hiyo, sababu inakuwa kila kitu. Mpishi anayehifadhi shira nyingi ya kimea na kuitia dakika za mwisho ameshusha densiti ya sufuria yake. Kama densiti ndiyo mtenda, amejipatia uchungu mwingi. Kama mtenda ni protini na msongamano wa asidi katika maji kidogo, amejipatia kitu kingine. Fomula moja haiwezi kumjibu kabla hajajua ni kipi.

Namba ya IBU nayo ina ukoo wake. Maabara huipata kwa kuchanganya bia na asidi na kiyeyushi, kupitisha mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 275, na kuzidisha kiasi cha mwanga uliofyonzwa kwa 50. Hiyo 50 ilichaguliwa katikati ya karne ya 20 ili jibu likaribiane na asidi za iso-alfa katika bia za wakati ule, zilizopikwa kwa hopi zilizokaa ghalani na kupoteza ubichi wake. Mwanga ule haubagui. Unafyonzwa pia na vitu vingine vinavyotoka katika hopi, ambavyo vingine ni vichungu kidogo na vingine si vichungu hata kidogo. Kwa hiyo namba tunayoichukulia kuwa haina makazi imezaliwa katika maghala na maabara za watu mahususi. Vivyo hivyo kuchemsha sehemu tu ya maji. Uingereza ilipoacha kudai leseni kwa bia ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani ilipoiruhusu kwa sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, walioanza walikuwa watu wenye jiko la familia, mkebe wa shira ya kimea na sufuria ya supu. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili yao yalibeba udogo wa jiko lile ndani ya gramu zake, bila kuutaja. Na mahali penyewe pana neno. Boulder, Colorado, ambako chama cha wapika bia wa nyumbani wa Marekani kilianzishwa mwaka huohuo wa 1978, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nairobi uko juu zaidi, na maji yake huchemka kwa takriban nyuzijoto 94. Kwa vipimo vya Malowicki na Shellhammer, asidi za alfa katika joto hilo hugeuka kwa kasi ya kama asilimia 60 tu ya kasi yake katika nyuzi 100. Mtu wa Nairobi na mtu wa Mombasa wenye sufuria pacha, hopi za mfuko mmoja na saa ileile, hawapiki uchungu mmoja. Fomula ya Tinseth ina dakika na densiti; nafasi ya mwinuko haimo.

Anayeshika herufi atasema hapa kwamba nimefungua mlango usiofungika. Ukimruhusu kila mtu abadilishe kiasi kwa kisingizio cha kusudi, hakuna mapishi tena. Kuna mamlaka ya kila mtu jikoni mwake, na mwalimu aliyeandika 90 amenyamazishwa. Pingamizi hili ninalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko mengine yote, kwa sababu linatetea kitu cha thamani: kukubali kufundishwa. Lakini kulijibu si jambo geni kwa wanaosoma Kiswahili, maana fikra za pwani yetu zimelelewa na wanazuoni waliolifanyia kazi swali hili kwa makini kuliko mpika bia yeyote, tena mfano wao maarufu unahusu kinywaji. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa zaidi katika mwambao wa Afrika Mashariki, aliweka misingi ya qiyas katika sheria, yaani kuhukumu jambo lisilotajwa kwa kulilinganisha na lililotajwa. Mfano unaorudiwa madarasani ni wa mvinyo wa zabibu: ikiwa sababu ya katazo, ile inayoitwa illa, ni ulevi, basi kinywaji kingine kinacholevya kimekatazwa pia, hata kama hakijagusana na zabibu. Msomaji aliyekatazwa pombe na dini yake asione kwamba ninaukopa mfano huu ili kumkaribisha kunywa. Ninauheshimu kwa sababu unaonyesha kwamba kufuata sababu kunaweza kuwa utii mkali zaidi kuliko kufuata herufi. Aliyeng'ang'ania neno zabibu angejipa ruhusa nyingi sana. Ndivyo ilivyo kwa gramu 90. Anayeziweka katika sufuria kubwa ameshika tarakimu na kuasi kile ambacho tarakimu iliamriwa kulinda.

Wanazuoni hao wana tahadhari ya pili, nayo ndiyo inayonizuia nisikimbilie upande wa pili na kusema ladha ni yote, namba zitupwe. Walitenganisha illa na hekima. Hekima ni manufaa makubwa yaliyo nyuma ya hukumu. Illa ni sifa iliyo wazi na inayodhibitika, ambayo hukumu hufungwa nayo. Msafiri huruhusiwa kupunguza sala kwa sababu ni msafiri, hata kama safari yake ni ya raha. Mpagazi anayetoka jasho mjini kwake haruhusiwi, ingawa hekima ya ruhusa ni kuondoa taabu, na taabu yake ni kubwa kuliko ya msafiri. Hukumu ikifungwa na taabu, kila mtu atajipimia yake. Nadhani hapa ndipo mahali pa haki pa IBU. Ladha ni hekima ya mapishi, lakini ladha huteleza: hubadilika kwa njaa, kwa baridi ya kinywaji, kwa kilicholiwa kabla, kwa tamaa ya mpishi kuiona kazi yake imefaulu. Namba ya uchungu ni sifa iliyo wazi, inayoweza kuandikwa, kutumwa na kulinganishwa. Kwa hiyo atakayebadilisha gramu kwa sababu ya sufuria ana wajibu wa kupitia kwenye namba, asiruke kutoka gramu hadi ulimi kwa mdomo wake mwenyewe kuwa shahidi pekee. Tofauti yangu na watu wa fomula ni kwamba kwao safari inaishia kwenye namba.

Wao hujibu kwamba kama fomula haitoshi, dawa ni vipimo bora. Peleka bia mbili maabara, ya sufuria ndogo na ya kubwa, rekebisha gramu mpaka zote zisome 40, na falsafa yote iishe. Nakubali kwamba kipimo hicho kingekuwa bora kuliko kukisia, na mwenye njia ya kukipata asisite. Lakini tazama kitakachotokea hata kikipatikana. Maji mazito ya sufuria ndogo, yakichemka karibu na moto kwa saa nzima, hugeuka rangi na kupata ladha ya sukari iliyoungua, kwa kukutana kwa sukari na protini katika joto. Sufuria kubwa hutoa bia yenye rangi nyepesi na ladha safi zaidi ya nafaka. Uchungu wa 40 uliokaa juu ya ladha nzito ya kwanza hausikiki sawa na 40 iliyokaa juu ya bia nyepesi ya pili. Ray Daniels, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kubuni bia, aliwazoesha wapishi kuuangalia uchungu kwa uwiano wake na densiti ya mwanzo badala ya kuutazama peke yake, na hata uwiano huo haujui hamira itaacha sukari kiasi gani. Binadamu ana aina karibu 25 za vipokezi vya uchungu, na utafiti wa mwaka 2009 ulibainisha vitatu vinavyoitikia vitu vichungu vya hopi. Mashine ya nanomita 275 haina hata kimoja. Maabara itakuambia bila upendeleo kwamba namba mbili zinalingana. Haitakuambia kama kulingana kwa namba ndiko ulikotaka kulinda, au ulitaka kulinda kulingana kwa uchungu na utamu, au jinsi funda la mwisho linavyoacha kinywa kikavu. Hilo ni swali la nini kihesabiwe kuwa kilekile, na hakuna kipimo kinachojichagulia kitu cha kupima.

Basi, atasema mwingine, tumefika kwenye ladha ya mtu, na ladha haina kosa. Aliyependa bia yake chungu na apende. David Hume alikutana na pingamizi hili katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kigezo cha ladha, na akalijibu kwa kisa alichokitoa kwa Cervantes: ndugu wawili wa ukoo wa Sancho Panza waliombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Mmoja akasema ni mzuri ila una ladha kidogo ya ngozi, mwingine akasema una ladha kidogo ya chuma. Walichekwa wote wawili, hadi pipa lilipomiminwa na chini yake ukapatikana ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Maana yake kwetu ni kwamba ulimi unaweza kusema kweli kuhusu kilichomo, na kwa hiyo unaweza pia kukosea, na kwa hiyo unaweza kufunzwa. Katika miaka ya 1940 watu wa kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, walitumia njia ya vikombe vitatu kuchuja waonjaji: viwili vina bia moja, kimoja kina nyingine, na muonjaji asiyejua mpangilio aseme kipi ni cha peke yake. Hapo hakuna anayeuliza unapenda kipi. Kinachoulizwa ni kama tofauti ipo kwako. Mpika bia wa nyumbani anaweza kufanya hivyo kwa meza ya kawaida na jirani wa kumpangia vikombe, akiweka akiba chupa za bia ya sufuria ndogo, ingawa akumbuke kwamba uchungu wa hopi hupungua kadiri chupa zinavyokaa. Ladha iliyopita katika jaribio kama hilo si ya kusema tu napenda. Ni ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana kwa yule anayeonja mara moja akiwa tayari na jibu.

Kilimanjaro kuna ujuzi wa uchungu ambao haukuwahi kuhitaji namba, nao hauvunji hoja hii bali unaipa mipaka. Mbege ya Wachaga, ya ndizi na kimea cha ulezi, hupata uchungu wake kwenye gome la msesewe, na wenye kuipika hujua kwa rangi ya maji na kwa kuonja kwamba gome limetosha. Ujuzi huo hupita kutoka mtu hadi mtu, penye moto uleule na mti uleule. Mwalimu yupo, na sufuria ikibadilika yeye ndiye anayesema ongeza au acha. Mapishi yaliyoandikwa ni ujuzi uliosafiri bila mwalimu. Michael Oakeshott, katika insha yake ya mwaka 1951 kuhusu elimu ya siasa, aliliona jambo hili kwenye vitabu vya mapishi: kitabu hakizai ujuzi wa kupika, kinafupisha ujuzi uliokuwepo kabla yake. Mimi ningeongeza kwamba kinachofupishwa kwanza ni kile ambacho mwandishi hakukiona kuwa jambo, kama ukubwa wa sufuria yake, na ndicho hichohicho kinachomsumbua msomaji wa mbali. Gramu 90 zilipoandikwa, lita 10 hazikuonekana kuwa sehemu ya maelekezo. Zilikuwa jiko tu.

Sasa aweke ngapi? Mtu asiyetaka kujibu hapa amejificha nyuma ya falsafa. Herufi inasema 90, fomula inasema 58, na ushahidi wa maabara unatufanya tushuku kwamba fomula imeipa densiti kazi kubwa kuliko inavyostahili. Kisha kuna jambo ambalo lenyewe linaongeza uchungu: lita 20 zinazotokota hazipoi haraka kama lita 10 zinazomiminiwa maji baridi, na asidi za alfa huendelea kugeuka, ingawa polepole, mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 80 hivi. Hopi zilizotiwa dakika za mwisho kwa ajili ya harufu tu zinaanza kuchangia uchungu, hasa kwa asiye na koili ya kupozea. Dhidi yake kuna jiko la nyumbani linalohema kwa mzigo mpya na kuchemsha kivivu. Mwisho kuna kutolingana kwa makosa. Bia iliyopungukiwa uchungu inaweza kusaidiwa kwa hopi zilizochemshwa pembeni katika maji kidogo na kuongezwa baadaye. Iliyozidi haichujiki, labda ichanganywe na nyingine au isubiriwe miezi. Kwa sababu hizo ningepunguza robo mara ya kwanza, yaani gramu 68 hivi badala ya 90, nisiguse hopi za mwisho, niharakishe kupoza, kisha niamue kwa vikombe vitatu kama nishuke zaidi kuelekea 58. Sidai kwamba robo ni kanuni. Ni hukumu iliyopimwa kwa sababu zinazoonekana, na yeyote anaweza kuipinga kwa kuonyesha sababu niliyoipa uzito usio wake. Aristotle alisifu rula ya risasi waliyotumia wajenzi wa Lesbos, iliyojipinda kufuata umbo la jiwe. Wasomaji wake husahau kwamba aliyeishika rula ile ilimpasa kulitazama jiwe.

Limebaki pingamizi moja ambalo linaniumiza kichwa kwa haki. Kama rangi imebadilika, ladha ya kimea imebadilika, hata namna ya kupoa imebadilika, kwa nini tuhangaike kuulinda uchungu peke yake? Bia ya sufuria kubwa ni bia nyingine, na uaminifu kwa ile ya kwanza ni kumng'ang'ania marehemu. Kuna ukweli humu, na mtu anaweza kwa heshima kabisa kuamua kwamba anaanza upya. Ila hata anayeanza upya haanzi bila kitu. Anataka kujua ni nini katika bia ile ya zamani kilichomfanya aipende, na hawezi kujua ikiwa mambo matano yamehama kwa pamoja. Akiushika uchungu mahali pamoja kadiri awezavyo, mabadiliko mengine yanasikika kwa sauti zao: hapa ndipo nafaka ilipokuwa imefunikwa, hapa ndipo sukari iliyoungua ilipokuwa ikijifanya utamu wa kimea. Baada ya hapo anaweza kuuachia uchungu uende anakotaka, na atakuwa anajua anaachia nini. Kwa hiyo sikubali kwamba kubadilika kwa mengi kunaondoa wajibu wa kurekebisha kimoja. Kunaufanya uwe wa lazima zaidi, na kunadai mapishi mapya yaandikwe kwa ukarimu kuliko yale ya zamani. Gramu peke yake hazitoshi. Ziandikwe lita ngapi zilianza kuchemka na ngapi zilibaki, densiti kabla na baada, asilimia ya asidi za alfa na mwaka wa mavuno ya hopi, joto ambalo maji yalichemkia, dakika za kupoa hadi nyuzi 80, na bia iliyolinganishwa ilikuwa na umri gani ilipoonjwa. Mpishi wa Nairobi atakayeyapokea atakuta karatasini nyuzi 100 mahali ambapo kipimajoto chake kinasoma 94, na atajua kazi yake inaanzia hapo.